Kijiti na Mti Mama

Fundi wa fremu hapa Kapkatet aliilaza picha yangu mezani, akaigeuza juu chini mara mbili, akaniuliza: "Mwalimu, hii inaangalia wapi?"

Lilikuwa swali la haki. Picha yenyewe ni nakala ya Green on Blue, mchoro wa Mark Rothko wa mwaka 1956: mstatili wa kijani juu, mweupe chini, kwenye uwanja wa buluu. Mchoro asili umehifadhiwa katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, na kimo chake kinapita mita mbili. Wangu niliubeba kwapani.

Njiani dhamiri ilinisuta. Elimo Njau, mmoja wa waanzilishi wa jumba la sanaa la Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, alifanya maneno "Kuiga Marufuku" kuwa kaulimbiu yake. Na kweli nimepoteza mengi. Rothko alipaka rangi nyepesi tabaka juu ya tabaka, akaziacha turubai zake bila fremu, akataka mtazamaji asogee mpaka rangi imzingire. Mimi nimenunua wino juu ya karatasi, nikaufungia ndani ya mbao na kioo.

Lakini pande zote mbili za barabara ni chai, na michai mingi ya wakulima wadogo haikutokana na mbegu. Kijiti chenye jani moja hukatwa kwenye mti mama, kikaoteshwa kitaluni chini ya kivuli. Kloni ya TRFK 6/8, iliyochaguliwa hapa Kericho, imepandwa hivyo shamba baada ya shamba: mmea mmoja uliorudiwa mara zisizohesabika. Hata hivyo, sijasikia mtu akiweka kikombe chini na kulalamika kwamba amekunywa nakala. Tena kijiti hicho hicho, kikibadilishiwa udongo na mwinuko, hutoa chai ya ladha nyingine.

Basi neno "kuiga" limebeba mambo mawili. Kuna kurudufu kitu, na kuna kuazima macho. Ninavyomwelewa Njau, hatari ni hili la pili. Ningeitundika picha hii ili wageni wajue kwamba nimesoma, ningekuwa mwigaji hata kama ningemiliki mchoro asili.

Kijiti hukaa kitaluni miezi kadhaa, na kisichotia mizizi hutupwa. Picha nayo nimeipa muda wake. Kila asubuhi, kabla ukungu haujainuka mabondeni, naitazama, kisha natazama dirishani. Nimezaliwa katikati ya chai, na ni majuzi tu nilipotambua kwamba kijani cha chipukizi na kijani cha majani yaliyokomaa ni rangi mbili zinazosukumana, na kwamba weupe ulio chini yao una uzito.

Sasa ninalo jibu la fundi. Inaangalia shambani.