Mafuriko Yana Majina Mangapi?

Katika bonde la Rufiji, maji yanapopanda si lazima iwe msiba. Mkulima huyangoja. Yakishuka huacha tope lenye rutuba, naye hupanda mahindi ya mlao na kulilinda shamba akiwa ndani ya dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo. Kwake mafuriko ya kadiri ni riziki. Yaliyopita kiasi ndiyo balaa.

Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, dola ilitambua jina moja tu: balaa. Kwa Operesheni Rufiji ya 1968 na 1969 wakazi wakahamishiwa nyanda za juu. Waliotaka kuokoa roho za watu waliungana na waliotaka vijiji vya Ujamaa. Muungano wa kisiasa, basi, hauhitaji nia moja. Hutosheka na neno moja. Lakini rutuba haikuhama na watu, na wengi waliendelea kushuka bondeni kulima.

Aprili 2024 maji yalizidi tena, Rufiji na Kibiti hadi delta yenye mikoko. Safari hii juu ya mto palikuwa na Bwawa la Julius Nyerere, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kutoa umeme Februari mwaka huo. Serikali ilitaja mvua za El Niño, ikasema bwawa limepunguza makali. Baadhi ya wakazi na wapinzani walitaja maji yaliyofunguliwa bwawani. Ubishi huu haukuwa wa maneno matupu, kwani jina la maafa ndilo huamua deni. Ikiwa ni mvua, aliyepoteza shamba hupewa msaada, naye hushukuru. Ikiwa ni bwawa, hudai fidia, naye huhesabiwa.

Je, ni haki jina hilo litolewe na wasiolala bondeni? Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inaweka kamati hadi ngazi ya kijiji. Thamani ya kamati hizo haipimwi siku ya kugawa unga na mahema, bali kiangazi, pale mkulima wa mlao atakapoulizwa, kabla ya lango la bwawa kufunguliwa, ni maji kiasi gani yamfaayo na kiasi gani yamuuayo.