Hukumu ya Udongo

Mfinyanzi huujua udongo kwa vidole. Huukanda, huuviringisha, akaona kama wakatika upesi au wanyumbuka, kisha akaamua kama wafaa kwa chungu. Mhandisi wa barabara hufuata njia hiyo hiyo, ila yeye hupima na kuandika. Mwaka 1911 mkemia wa Sweden, Albert Atterberg, aliieleza mipaka ya udongo: kiasi cha maji ambacho ukikipita huanza kutiririka, na kiasi ambacho ukipungukiwa nacho hukatika, hauviringiki tena kuwa uzi wa milimita 3 hivi. Tofauti ya viwango hivyo viwili ndiyo kadiri ya kufinyangika kwake. Kazi hii, pamoja na ile ya kuchekecha chembe, ni nyepesi na gharama yake ni ndogo.

Kuijua nguvu yenyewe ni jambo jingine. Kipimo cha California, kilichobuniwa na idara ya barabara ya jimbo hilo la Marekani karibu na mwaka 1929, hutaka udongo ushindiliwe ndani ya kopo la chuma na aghalabu ulowekwe siku 4. Kisha mchi wa chuma wenye kipenyo kipatacho milimita 50 hudidimizwa ndani yake. Nguvu iliyohitajika hulinganishwa na ile inayohitajika kwa kokoto bora, ikaandikwa kwa mia. Barabara ndefu hutaka mashimo mengi, magunia mengi na siku nyingi. Hapo ndipo swali la uadilifu lizukapo: je, yajuzu kuuhukumu udongo kwa alama zake pasipo kuujaribu?

Wengi wamejibu kwa vitendo kuwa yajuzu. Mwaka 1962 W. P. M. Black alitoa njia ya kukadiria kipimo cha California kutokana na kufinyangika kwa udongo. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2004 ulitoa kanuni fupi zaidi: zidisha sehemu ya chembe laini kwa kadiri ya kufinyangika, zidisha tena kwa 0.728, ongeza 1, kisha gawanya 75 kwa jumla hiyo. Udongo wenye sehemu laini 0.60 na kadiri 30 hupewa 5 kwa mia, wenye 0.30 na 10 hupewa karibu 24. Wa kwanza utafunikwa kwa tabaka nene la gharama kubwa, wa pili kwa jembamba.

Anayeshikilia majaribio matupu naye hakujiepusha na utabiri. Baina ya shimo na shimo upo udongo usioguswa na mtu, nao huhukumiwa kwa jirani zake. Mchi wenyewe si gurudumu la lori. Basi kati ya alama na jaribio tofauti ni ya kadiri, wala si ya asili.

Hata hivyo kanuni ni ushahidi wa udongo ule tu uliopata kuhojiwa. Kadiri moja ya kufinyangika yaweza kutoka katika udongo mweusi wa mbuga, uvimbao kwa mvua na kupasuka kiangazi, na yaweza kutoka katika udongo wa mlimani usio na tabia hiyo. Mfano bora si wa barabara bali wa bwawa: Sasumua, lililojengwa Kenya katika miaka ya 1950 kwa ajili ya maji ya Nairobi. Alama za udongo wake zilitia shaka. Karl Terzaghi alieleza mwaka 1958 kuwa chembe zake zilishikamana katika vishada vigumu, hata udongo uliodhaniwa dhaifu ukawa na mwenendo wa kitu cha chembe kubwa. Huo ni mkakasi uliogeuzwa: ubaya nje, uzima ndani.

Makosa ya hukumu hii hayamwangukii aliyehukumu. Udongo mwema ukidharauliwa, mwingine huletwa kwa malori kutoka mbali, na fedha ambazo zingaliifikisha barabara kijiji cha pili huishia njiani. Udongo dhaifu ukisifiwa, masika huufichua. Mwenye kalamu yu mjini, na anayekwama topeni ni mgonjwa apelekwaye zahanati. Kukadiria si dhuluma. Dhuluma ni kukadiria na kunyamaza. Tarakimu 5 iliyotoka katika mchi na tarakimu 5 iliyotoka katika kalamu hufanana mchoroni, na msimamizi wa kazi azisomapo hawezi kuzitenga, isipokuwa aliyezikokotoa ameandika kando ya kila moja ilikotoka.