Gari Lenye Sifa Mbaya: Tulinunue au Tuliache?



Kuna swali linaloingia katika nyumba nyingi kati ya Ruiru na Thika, hasa mtoto wa pili anapozaliwa au mmoja wa wazazi anapohamishwa kazi. Bwana amepata gari. Si jipya, limetumika ng'ambo, kisha likatumika hapa kwetu. Lakini rangi yake ingali inang'aa, viti ni safi, na bei yake iko chini sana ya bei ya magari mengine ya umri huo. Bibi anauliza, mbona ni rahisi hivyo? Ndipo linapotoka jibu kwamba gari la aina hiyo lina sifa mbaya. Husemwa kuwa giaboksi yake hufa mapema, au kuwa vipuri vyake ni ghali na havipatikani. Bwana anasema watu hupenda kusema. Bibi anasema watu hawasemi bure. Katika nyumba nyingine ni mke anayelitaka gari na mume anayesita, lakini mazungumzo huishia pale pale, kila mmoja amenyamaza na moyo mzito.

Ukurasa huu si wa mafundi wa magari. Hata hivyo jambo hili ni la ndoa, kwa sababu baada ya kiwanja na nyumba, gari mara nyingi ndilo deni kubwa kuliko yote ambalo mume na mke hubeba pamoja. Tena gari linapokwama halikwami peke yake. Hukwama pamoja na karo, pamoja na subira ya nyumbani, na mara nyingine pamoja na ukweli kati ya wawili. Basi tulitazame kwa utulivu.

HAJA YENU NI IPI?

Kutamani gari si dhambi. Anayeamka alfajiri kupanga foleni ya matatu za 145 pale Ruiru, au za 237 pale Thika, anajua anachokitafuta. Tangu Rais Mwai Kibaki alipoifungua rasmi barabara kuu ya Thika mwezi wa Novemba 2012, familia nyingi zimejenga au kupanga mahali pamoja na kufanya kazi mahali pengine. Na mama anayembeba mtoto mwenye homa kali usiku wa manane hatafuti anasa.

Lakini semeni haja yenyewe kwa jina. Gari la kupeleka watoto shule na familia kwenye Misa ya Jumapili ni jambo moja. Gari la kutoka Thika hadi Nairobi na kurudi, zaidi ya kilomita 80 kila siku ya kazi, ni jambo jingine kabisa. Gari dhaifu laweza kuvumilia kazi ile ya kwanza kwa miaka. Kazi ya pili hulimaliza, nalo huwamaliza ninyi. Wanandoa wengi hubishana juu ya gari kumbe hawajakubaliana juu ya safari.

SIFA NI USHUHUDA, NA USHUHUDA HUPIMWA

Amri ya nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo. Gari si jirani, lakini namna ya kupima maneno ni ile ile. Nani anasema? Ameliona mwenyewe au amesikia? Ana faida gani katika kusema? Muuzaji anayelisifu na shemeji anayelibeza wanahitaji kupimwa kwa mizani moja.

Sifa ya gari pia hubadilika. Wazee wetu wanakumbuka kwamba kati ya 1963 na 1978 magari ya Peugeot, yale ya 404 na baadaye 504, yalishinda mashindano ya Safari Rally mara 6. Kila mji ulikuwa na fundi aliyeyajua. Leo mtu akitaja gari la kampuni hiyo hiyo la miaka ya karibuni, wengi hutikisa kichwa na kuuliza ni nani atakayelitengeneza. Jina ni lile lile, lakini mafundi na vipuri vilivyolizunguka wakati ule havipo tena kwa wingi.

Chukueni mfano mwingine. Mwaka 1996 kampuni za Mitsubishi na Toyota zilitoa huko Japani injini za kunyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, zilizoitwa GDI na D-4. Zilipofika kwetu katika magari yaliyokwisha kutumika, ziliwasumbua wengi, kwa kuwa zilidai petroli safi na fundi mwenye ujuzi wake. Majina hayo yakawa ya kuogopwa katika gereji zetu.

Kwa hiyo, mkiambiwa gari lina sifa mbaya, ulizeni ubaya huo ni wa aina gani. Kwanza, yawezekana lina udhaifu wa kuzaliwa nao, uliotoka kiwandani. Pili, yawezekana lenyewe ni zuri lakini halivumilii uzembe, hivyo yote hutegemea aliyelitunza kabla yenu. Tatu, yawezekana ni zima kabisa, ila hapa kwetu halina fundi wala vipuri vya bei ya kawaida. Ubaya wa pili waweza kupimwa katika gari mnaloliona mbele yenu. Ule wa kwanza na wa tatu hautaondoka hata mkilitunza kama yai.

FARASI KIWETE WA MTAKATIFU TOMASO

Msidhani swali hili ni geni kwa Kanisa. Katika karne ya 13, Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliuliza katika kitabu chake kikuu kama muuzaji analazimika kutaja kasoro za kitu anachokiuza. Alifundisha kwamba kasoro iliyofichika, inayoweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, lazima isemwe. Mfano wake ulikuwa farasi kiwete anayeuzwa kana kwamba ni mwenye mbio. Kasoro inayoonekana wazi, kama farasi mwenye jicho moja, muuzaji anaweza asiitaje, mradi bei iwe imepunguzwa kwa haki.

Mafundisho hayo yanawagusa mara mbili. Leo ninyi ni wanunuzi, na mna haki ya kuuliza maswali yote bila kuona haya. Lakini kesho mtakuwa wauzaji. Wako wanaojifariji kwa kusema, "Likitusumbua, tutamwuzia mtu mwingine." Mtu huyo mwingine ni nani? Huenda ni kijana wa jumuiya yenu ndogo ndogo ambaye amekopa ili aanze maisha. Kama mpango wenu wa kulinunua unategemea kumficha mwingine ukweli baadaye, basi mpango huo umeoza tangu mwanzo.

HESABU YA MNARA

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana wetu anasema juu ya mtu atakaye kujenga mnara, jinsi inavyompasa aketi kwanza na kuhesabu gharama, asije akaishia kwenye msingi na kuchekwa. Hebu tuketi hivyo.

Tuseme gari lenye sifa njema linauzwa shilingi 900,000, na lile lenye sifa mbaya, la umri huo huo, linauzwa shilingi 600,000. Wengi huona wameokoa shilingi 300,000. Lakini fedha hiyo si yenu bado. Hiyo ni fedha ya fundi ambaye hajaja kuidai. Mwenye 900,000 aweza kununua la 600,000 na kuiweka akiba ile 300,000 bila kuigusa. Huyo amefanya hesabu. Mwenye 600,000 tu, tena za mkopo, akinunua gari hilo, amenunua asichokimudu. Ndiyo maana tunasema kwamba gari la bei rahisi lenye sifa mbaya linamfaa yule anayeweza kuishi bila hilo wiki tatu likiwa gereji. Familia yenye kipato kidogo ndiyo inayohitaji zaidi gari la kutegemewa, hata kama ni dogo, ni la zamani zaidi na halina fahari.

Tazameni pia mkopo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara. Huo ni ukomo wa sheria, si shabaha ya kuifikia. Theluthi inayobaki ndiyo unga, karo, kodi ya nyumba na dawa. Ikiwa gari litakula hata hiyo, watoto ndio watakaolipa.

Baada ya hesabu, fanyeni uchunguzi, nao ufanywe na wote wawili. Itafuteni rekodi ya gari katika huduma za NTSA kupitia eCitizen, mjue mwenye gari ni nani na kama logibuku imeshikwa na benki. Mpelekeni fundi wenu, si wa muuzaji, naye alipime kwa mashine ya kompyuta. Mwombeni muuzaji asiliwashe kabla hamjafika, kwa maana injini ya baridi husema kweli ambayo injini ya moto huificha. Msiamini tarakimu za kilomita peke yake, maana huweza kurudishwa nyuma. Tazameni kanyagio na usukani ulivyolika. Ulizeni bei ya giaboksi na vipuri vingine vikubwa katika maduka ya barabara ya Kirinyaga, Nairobi, kabla ya kununua. Kisha mtafuteni mtu mwenye gari kama hilo kwa miaka miwili au zaidi, mkamsikilize wote wawili.

NENO LINALOUMIZA KULIKO HASARA

Sasa tufike kwenye kiini. Siku gari litakapokwama kando ya barabara pale Juja, mvua inanyesha na watoto wako ndani, kuna neno moja linaloweza kutamkwa: "Nilikuambia." Neno hilo laweza kuwa kweli tupu, na bado likavunja zaidi ya injini.

Dawa ya neno hilo hutafutwa kabla ya kununua. Ndiyo yenu juu ya gari ifanane na ndiyo mliyosema mbele ya altare, ambayo haikuwa kwa siku njema tu. Anayekubali akubali pamoja na siku ya gereji. Mume asimchoshe mke kwa maneno mpaka akubali kwa kukata tamaa, wala mke asitoe ruhusa ya mdomo huku moyoni akingoja siku ya kumshinda mumewe. Ridhaa ya namna hiyo ni deni jingine, nalo riba yake ni kali.

Zaidi ya yote, pasiwe na siri. Mume anayechukua mkopo wa Sacco kimya kimya, akitaka kumshtua mkewe kwa furaha, amemnyima nafasi ya kuwa msaidizi wake. Mke anayeficha akiba yake kwa hofu kwamba itamezwa na gari, naye ana jambo la kusema, na afadhali aliseme mezani. Gari bovu hutengenezwa au huuzwa. Uaminifu ukishaharibika, hakuna duka la vipuri vyake.

Kama mmoja hana amani, ngojeni. Acheni wiki mbili zipite, salini pamoja, na mrudie hesabu. Muuzaji atawaambia kuna mteja mwingine njiani. Mwacheni apite. Na kama wote wawili mmeridhika kweli, akiba ya fundi ipo na uchunguzi umekamilika, nunueni bila hofu ya vinywa vya watu. Lakini wekeni ukomo mapema na kuuandika: katika mwaka wa kwanza matengenezo yakizidi kiasi fulani, tutaliuza wazi, tutamwambia mnunuzi kasoro zake, na hakuna atakayemlaumu mwenzake.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Safari tunazozihitaji kweli ni zipi, na gari hili linaziweza?
2. Ubaya wa sifa yake ni wa aina gani kati ya zile tatu?
3. Likilala gereji mwezi mzima, nani atapungukiwa na nini?
4. Je, kila mmoja wetu amesema ndiyo kwa hiari, au kuna aliyenyamazishwa?
5. Tukiliuza kesho, tutaweza kumwambia mnunuzi yote tunayoyajua?

Zimeni redio jioni moja, watoto wakisha lala, mjibu kila mmoja kwa zamu bila kukatizana. Huenda mkalinunua, huenda mkaendelea na matatu mwaka mwingine. Familia Takatifu ilisafiri mpaka Misri bila gari, lakini ilisafiri pamoja. Mungu awabariki katika safari yenu.