Khiari ya Mwenye Kununua Nyumba Mpya

Ndugu mmoja wa mwambao, ambaye riziki imemfikisha Lumakanda, upande wa Lugari katika Kakamega, ametuletea suala. Amenunua nyumba iliyomalizika kujengwa juzi, akatoa fedha zote. Alipoingia zikamtokea gharama asizozijua: ushuru wa serikali, tangi la maji, na ukuta uliopasuka. Sasa anashauriwa akope kwa riba. Je, ana haki gani?

Twasema, na tawfiki yatoka kwa Mwenyezi Mungu: gharama hizi si za namna moja. Ushuru wa stempu humlazimu mnunuzi kwa sheria ya Kenya, nao ni 4 kwa mia katika ardhi ya mji na 2 kwa mia katika ya shamba. Nyumba ya shilingi 2,000,000 mjini humtaka mtu 80,000 zaidi, kabla hajampa wakili haki yake. Hilo si aibu ya nyumba, wala muuzaji hadaiwi kwalo. Na ardhi ikiwa ya kilimo, sheria ya 1967 yataka idhini ya baraza la ardhi; bila ya hiyo mauzo hubatilika. Ajabu ni kuwa watu wetu huuliza khabari za milango na rangi, wala hawaulizi hati.

Ama ukuta, huo ni mlango mwingine. Ikiwa ufa ulikuwako kabla ya kukabidhiwa, au chanzo chake ni msingi mbovu, ukapakwa chokaa usionekane, basi muuzaji ameghushi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alitia mkono katika chungu ya nafaka sokoni akakuta unyevu ndani, akamkemea mwenyewe kwa kuuficha. Chokaa juu ya ufa ina tofauti gani na nafaka kavu juu ya ile mbichi? Mnunuzi ana khiari ya kuirudisha nyumba na kupewa fedha zake. Lakini na afanye haraka: katika madhehebu ya Imam Shafi, mwenye kuijua aibu akanyamaza bila ya udhuru, akaendelea kuitumia nyumba kama aliyeridhika, khiari yake humwondoka. Wala asitishwe na mkataba ulioandikwa kuwa muuzaji hana dhamana ya aibu yoyote. Sharti hilo, kwa kauli yenye nguvu kwetu, halimwokoi muuzaji wa nyumba.

Ama riba, haihalaliki kwa sababu ya tangi. Tangi na lingoje. Mvua za huko si haba, na mapipa mawili chini ya paa yatamtosha kwa sasa. Uliobaki ni ushuru, na huo wenziwe wa msikitini wenye uwezo wamkopeshe kardhi hasana, iandikwe kwa muda maalumu mbele ya mashahidi, kama Aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara inavyoamrisha.