Je, Wimbo Waweza Kufufua Wafu?

Wapenzi wakatekumeni, sisi wa Isangi, tukaao mahali mto Lomami unapoingia katika mto Kongo, twajua ya kuwa habari nyingi hutufikia kwa njia ya maji. Katika miaka ya 1940 kijana mmoja alikuwa fundi wa mitambo katika meli za mto huu huu, naye aliimba popote zilipotia nanga. Jina lake Antoine Wendo Kolosoy. Alizaliwa mwaka 1925 huko Mushie, akafiwa na wazazi wake angali mtoto.

Mwaka 1948, mjini Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, Wendo aliimba wimbo uitwao Marie-Louise pamoja na mpiga gita Henri Bowane. Nyumba ya santuri iitwayo Ngoma, iliyokuwa mali ya Wagiriki, ikautoa, nao ukaenea Kongo nzima hata nchi za jirani. Hapo ukazuka uvumi: ati wimbo huo ukipigwa usiku wa manane, wafu huamka. Wakuu wa dini waliposikia hayo walichukizwa, naye mwimbaji akapata taabu kwa maneno ambayo si yeye aliyeyatunga.

Twauliza: Je, wimbo waweza kufufua wafu? Twajibu: Hauwezi. Mwenye uzima na mauti ni Mungu peke yake. Tena maisha ya Wendo yenyewe yatoa ushuhuda. Yule yatima hakuwarudisha wazazi wake kwa sauti yake. Naye Patrice Lumumba, ambaye Wendo alimpenda, alipouawa mwaka 1961, hapakuwa na wimbo wa kumwamsha. Wendo alinyamaza, akakaa miaka mingi bila kuimba mbele ya watu. Mwenye dawa ya kufufua wafu angenyamaza siku kama ile?

Lakini liko swali la pili, nalo latuhusu zaidi: kwa nini watu walinena hivyo? Kwa sababu kipawa kikubwa hutushangaza, na mara nyingi mshangao huzaa ama sifa ya kupita kiasi ama shutuma. Hizo mbili ni ndugu wa tumbo moja. Mwenye kusema, “Huyu hufanya miujiza,” na mwenye kusema, “Huyu ana uchawi,” wote wawili hukataa kuona mambo mawili ya kweli: kazi ya mtu, na ukarimu wa Mungu aliyempa kipawa.

Angalieni vijijini mwetu. Mvuvi mmoja arudi na mtumbwi uliojaa samaki, na jirani yake arudi mikono mitupu. Yule wa kwanza aujua mto: ajua maji yapandapo na yashukapo, ashona nyavu zake usiku wengine walalapo. Lakini jioni watu hunong'ona kwamba amepewa dawa. Kesho mtoto akifa katika mtaa ule, mnong'ono hugeuka mashtaka, na mashtaka hugeuka fimbo. Hivyo neno lililoanza kama mshangao laweza kumwaga damu ya asiye na hatia.

Labda mmoja wenu atasema: “Lakini wako watu watafutao hirizi ili wapate sifa na mali.” Ni kweli, nao hutenda dhambi. Hata hivyo, kosa la mtu mmoja si ushahidi juu ya mwenzake. Amri ya Nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo. Nayo haikusema kwamba uongo huwa halali tukiunena kwa sauti ya chini.

Siku ya Ubatizo mtaulizwa kama mnamkataa Shetani na mambo yake yote. Msidhani ya kuwa mambo yake ni hirizi tu shingoni. Ulimi umtiao jirani uchawi asiokuwa nao, huo nao ni chombo chake.

Wendo alirudi kuimba katika miaka ya 1990, akiwa mzee, akafariki Kinshasa mwaka 2008. Wafu hawakuamshwa naye. Walio hai walifurahishwa naye, na hiyo yatosha kuwa kazi njema ya mtu. Basi, mkimwona mwenzenu ana kipawa, semeni mambo mawili tu: kwake yeye, “Umefanya kazi”; na kwa Mungu, “Asante.”