Ovakado ama Mahindi

Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini nyumbani bado mimi ndiye "msomi". Kwa hivyo ripoti ya maabara ya Shosho ilipotoka, Auntie aliipiga picha akanitumia: "Soma utuambie."

Saratani ya tumbo, na imeshaenea. Chini kabisa: HER2, 3+.

Nilikesha na simu. HER2 ni protini inayokaa kwenye utando wa seli. Sehemu yake ya ndani ni kimeng'enya, na kazi yake ni kuwasha ishara ya kuiambia seli igawanyike. Kwa uvimbe kama wa Shosho protini hizi zimejazana, kwa hivyo ishara haizimiki. Kuna dawa, trastuzumab, inayoishika protini hiyo kwa nje. Halafu nikafika kwa nambari. Utafiti wa ToGA, uliochapishwa 2010, uliangalia wagonjwa wa HER2 ambao saratani yao haingeweza kupasuliwa. Waliopewa kemotherapia pekee: miezi 11.1. Walioongezewa trastuzumab: 13.8. Hiyo ni ya katikati. Nusu waliishi chini ya hapo, nusu zaidi.

Asubuhi nikawaambia, "Kuna dawa." Auntie akapiga vigelegele. Nambari nikaimeza.

Si nilisema ukweli? Kant aliandika 1797 kwamba hata muuaji akikuuliza rafiki yako amejificha wapi, usimdanganye. Sawa, lakini Kant hakuwahi kukalishwa sebuleni na mashangazi watano. Nilijitetea pia kwa hesabu: ile nambari ni ya umati, haimjui Shosho. Anaweza kuwa kwa ile nusu ya pili. Hoja nzuri, na bado naiamini. Shida ni kwamba niliitumia kujificha mimi, nikisema namkinga yeye.

Wiki iliyopita tulikuwa naye shambani, sisi wawili tu.

"Mjukuu wangu, hapa nipande ovakado ama mahindi?"

Mahindi ni msimu. Ovakado ni miaka. Alikuwa ananiuliza kile nilichoficha, kwa lugha ambayo singeweza kujifanya sielewi.

"Shosho, kuna nambari. Lakini si yako, ni ya watu wengine waliougua hivi."

"Basi niambie ya hao watu."

Nikamwambia. Yote, hata ile ya nusu kwa nusu. Akahesabu miezi kwa vidole, akianzia Machi, kisha akasema Auntie asiambiwe kwanza.