Tuzo na Adhabu: Somo kwa Mfunza Mbwa

Huenda msomaji akastaajabu kuona mbwa ameingizwa katika kurasa za walimu, kwani katika lugha yetu kumwita mtu mbwa ni tusi. Hata hivyo, amfunzaye mbwa hukabili swali lile lile litukabililo sisi kila siku: je, ni haki kumfundisha kiumbe kwa tuzo, au kwa adhabu?

Mwaka 1910 Konrad Most, afisa wa polisi wa Ujerumani, alichapisha kitabu cha kufunza mbwa. Njia yake ilitegemea sana kulazimisha: mbwa huvutwa kwa ukanda wa shingoni mpaka atii, kisha husifiwa. Katika miaka ya 1960 Karen Pryor alikuwa akifunza pomboo huko Hawaii. Pomboo hafungwi ukanda. Akiudhika huogelea akaenda zake. Basi alitumia kipenga na samaki. Mnyama alipotenda lililotakiwa, kipenga kililia papo hapo, naye akajua kuwa amepata. Baadaye njia ya namna hiyo ilienea kwa wafunza mbwa.

Je, tuseme basi kwamba nidhamu itupwe? La, hasha. Mfunza mbwa mwenye busara hampi nyama mbwa amrukiaye mgeni. Akiruka, humgeuzia mgongo, akitulia, humpa. Kunyimwa huko nako ni nidhamu, ijapokuwa hakuna kipigo. Tuzo isiyo na mpaka si malezi, bali ni hongo.

Lakini adhabu ina kasoro ambayo tuzo haina. Mbwa aliyetafuna kiatu asubuhi, akapigwa jioni bwana wake arudipo, hajifunzi kuwa kiatu hakitafunwi. Hujifunza kuwa bwana wake akirudi kuna hatari. Tena, hata adhabu itolewayo kwa wakati wake husema tu, “Usifanye.” Haisemi lipi lifanywe.

Wahenga walinena: Mchelea mwana kulia hulia yeye. Usemi huo hatuupingi. Ila tukumbuke kuwa wahenga walitukataza kukiogopa kilio, hawakutuamuru kukitafuta.

Mbwa hawezi kuuliza, “Nimekosa nini?” Kwa hiyo asipoelewa, lawama humrudia mfunzaji, naye hulazimika kujirudi kabla ya kumrudi mnyama. Mwanafunzi wetu aweza kuuliza, lakini mara ngapi tumempa nafasi hiyo? Asemaye “kitabu yangu” akachapwa, kesho atanyamaza. Sisi tutafurahi kwamba kosa limekwisha, kumbe lililokwisha ni usemi wenyewe. Bali akiambiwa “kitabu changu”, akarudia, akasifiwa pale pale, amepata neno na moyo wa kutafuta jingine. Tukishindwa kumtendea hivyo, tutakuwa tumemnyima mtoto wa watu heshima ambayo wengine wamekwisha kumpa mbwa.